MAZUNGUMZO YA AFYA NYUMBANI: Tezi ya Shingoni na Chumvi ya Jikoni

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa, na baadhi yenu mmeandika kuuliza habari za mitungi na vitambaa vya kuchujia. Hayo nitayajibu nafasi ikipatikana. Leo sina budi kumjibu mwalimu mmoja wa shule ya milimani, aliyeniletea swali ambalo naona lingeweza kuulizwa katika shule nyingi.

Alieleza hivi. Darasani mwake yuko msichana wa miaka kumi na miwili, mpole, asiye na ugomvi na mtu, walakini mzito wa kufahamu. Asubuhi husinzia wenzake wakisoma. Huvaa sweta hata jua likiwa kali, na leso huizungusha shingoni asiifungue kamwe. Siku moja watoto waliivuta leso ile kwa mzaha, ndipo mwalimu alipoona uvimbe chini ya koo, laini, umekaa kama yai lililolazwa. Alipokwenda kwao, mama wa mtoto aliisikiliza habari yote kwa utulivu, kisha akaifunua shingo yake mwenyewe, nayo ilikuwa na uvimbe mkubwa kuliko ule wa binti. “Mwalimu, huu ni wa ukoo wetu,” akasema. “Bibi yake alikuwa nao pia.” Alipokuwa akirudi, majirani walimnong'oneza habari nyingine, ya jicho baya na ya kurogwa. Basi mwalimu akauliza: Je, mtoto huyu ni mvivu au ni mgonjwa? Na uvimbe wa shingoni una neno gani na hesabu zake za darasani?

Ni swali jema, na ili kulijibu yatupasa kwanza kukijua kiungo chenyewe.

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kisha unywe funda moja la maji. Utakiona kikoromeo kikipanda na kushuka. Chini yake kidogo, mbele ya bomba la pumzi, imelala tezi yenye sehemu mbili, moja kuume na moja kushoto, zilizounganishwa katikati kwa daraja jembamba, mfano wa kipepeo aliyekunjua mabawa. Katika mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu, na ikiwa katika hali ya afya haionekani. Imeshikamana na bomba la pumzi, kwa hiyo mtu amezapo mate nayo hupanda. Ndiyo sababu tabibu akipima shingo yako hukuambia umeze. Mwingereza Thomas Wharton aliieleza katika kitabu mwaka 1656, akaipa jina la ngao kwa lugha ya Kiyunani, na kutoka jina hilo matabibu husema thairoidi. Vitabu vya Kiswahili vya siku hizi huiita tezi dundumio. Mimi hapa nitasema tezi ya shingo, wala hakuna atakayepotea. Wharton mwenyewe hakuijua kazi yake; alidhani, pamoja na mambo mengine, kwamba imewekwa ili kuipa shingo umbo zuri, hasa shingo ya mwanamke. Tusimcheke. Walipita watu wengi wenye elimu baada yake, kwa zaidi ya miaka 200, wasijue zaidi ya hapo.

Ziko tezi zenye mifereji, kama zile za mate na za machozi. Kazi yake waiona kwa macho. Tezi ya shingo haina mfereji. Kile ikitengenezacho hukimimina katika damu moja kwa moja, na damu hukichukua mpaka kila pembe ya mwili. Kitu hicho kikubwa chaitwa thairoksini.

Nayo thairoksini yafanya nini? Akina mama wanalijua jiko la makaa. Makaa ni yale yale, lakini mlango wa chini ukifunguliwa wazi moto hukolea hata chakula kikaungua. Ukifungwa, moto hufifia na maharagwe hayaivi hata jioni. Chakula tulacho ndicho makaa ya mwili. Tezi ya shingo ndiyo mkono ulioshika mlango wa jiko. Ikipunguza kazi, mwili wote hupoa: mtu huona baridi wenzake wakitoka jasho, huchoka bila kazi, hunenepa ingawa hali sana, ngozi hukauka, nywele hukatika, choo huwa kigumu, mapigo ya moyo huenda polepole, sauti huwa nzito, na fikira nazo huenda kama mtu atembeaye matopeni. Wanawake wengine hutokwa na damu nyingi za mwezi. Ikizidisha kazi, mambo hugeuka kinyume: mtu hula vizuri huku akikonda, moyo humwenda mbio hata akiwa ameketi, mikono hutetemeka, usingizi humpotea, joto dogo humsumbua, naye huwa mwepesi wa hasira. Wengine macho huwatoka kama waliogutushwa. Aina hiyo aliieleza tabibu Robert Graves wa Dublin mwaka 1835, nayo ina dawa zake hospitalini.

Tezi hii haijiamulii mambo. Ina msimamizi wake, tezi nyingine ndogo kama punje ya mbaazi, iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Msimamizi huyu huangalia damu daima. Akiona thairoksini imepungua, hutuma tarishi kuihimiza tezi ya shingo, ikitosha, hunyamaza. Likumbukeni neno hili, maana ndilo litakalotufumbulia siri ya uvimbe.

Mambo haya yalijulikana kwa gharama kubwa, na waliolipa ni wagonjwa. Uswisi ni nchi ya milima mirefu, mbali na bahari, na zamani watu wenye uvimbe wa shingo, yaani rovu, ambalo wengine huliita goita, walikuwa wengi mno huko. Katika mji wa Bern alikuwako tabibu wa kupasua, Theodor Kocher, mwenye mkono mtulivu kuliko wote wa wakati wake. Wengine walipopasua shingo wagonjwa walikufa kwa kutokwa damu. Wa Kocher walipona. Aliweza kuiondoa tezi yote, kidonda kikafunga vizuri, na mgonjwa akarudi kwao akishukuru. Mwaka 1874 alimpasua hivyo msichana wa miaka 11. Baadaye aliletewa habari kwamba mtoto yule amebadilika. Kocher aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani ili awatazame, na msichana alipokuja, alikuwa ameacha kukua. Mdogo wake alikuwa amempita kwa kimo, na akili yake, iliyokuwa nyepesi, ilikuwa imepoa. Karibu wote walioondolewa tezi nzima walikuwa na hali hiyo, wazito na wenye nyuso zilizovimba. Kocher hakuficha. Mwaka 1883 aliyatangaza hayo mbele ya matabibu wenzake, akaacha kuondoa tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Nami naona kule kuwaita wagonjwa warudi kulihitaji moyo kuliko kupasua.

Basi watu wakajua kwamba bila tezi hii mwili na akili hudumaa. Miaka michache baadaye, mwaka 1891, tabibu kijana George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke aliyekuwa na upungufu huo maji yaliyokamuliwa katika tezi za kondoo. Mama yule alichangamka. Baadaye akawa akinywa dawa hiyo kwa mdomo, akaishi miaka 28 zaidi, hata mwaka 1919, akafa akiwa na umri wa miaka 74. Kondoo zaidi ya 800 walitoa tezi zao kwa ajili yake. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani aliipata thairoksini safi. Leo hakuna haja ya kondoo: ni kidonge kidogo kinachotengenezwa viwandani, kinachomezwa kwa maji kila asubuhi kabla ya chakula. Mwenye kuandikiwa kidonge hiki asikiache kwa kuwa amejiona mzima. Amejiona mzima kwa sababu anakimeza.

Sasa turudi kwenye uvimbe. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulika na majivu ya mwani wa baharini, akaona mvuke wa zambarau ukipanda chomboni. Kitu hicho kipya kiliitwa iodini, na katika Tanzania watu hukiita madini joto. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann aligundua kwamba kimo ndani ya tezi ya shingo. Sababu yake ni kwamba thairoksini haiwezi kufanyika bila iodini, kama vile mkate haufanyiki bila unga. Na kiasi kinachotakiwa ni cha kushangaza kwa udogo. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Piga hesabu, mwalimu, uwaonyeshe watoto ubaoni: kwa miaka 70 haifiki hata gramu 4. Kijiko kimoja cha chai hakijai. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya maisha yote. Sharti upate kidogo kidogo, siku kwa siku.

Iodini nyingi ya ulimwengu imo baharini. Katika milima na nyanda za juu, mvua za karne nyingi zimeiosha ardhi na kuipeleka mtoni na baharini, basi mahindi, viazi na mboga za huko huota vizuri na kushibisha, ila hazina madini hayo ya kutosha. Hata samaki wa ziwani hawana iodini nyingi kama wa baharini, jambo ambalo watu wa maziwa makuu hawalitazamii. Mtu alaye chakula hicho tu hupungukiwa. Msimamizi wa chini ya ubongo huona thairoksini imepungua, naye hutuma tarishi baada ya tarishi. Tezi hutii, hujiongeza, huvimba, ili ikamate kila chembe ya iodini ipitayo katika damu. Ni kama nyumba iliyokosa unga, na mwenye nyumba akazidi kuongeza wapishi. Rovu ndilo hilo: wapishi wengi, unga hamna.

Kwa hiyo mama yule hakusema uongo aliposema uvimbe ni wa ukoo wao. Bibi, mama na binti wamekula chakula cha shamba moja kwa miaka yote. Kweli zipo nyumba ambazo ugonjwa wa tezi hufuata damu. Lakini kijiji kizima kikiwa na marovu, tazama udongo na chungu cha chumvi kabla ya kuutazama ukoo, na jirani mwenye jicho baya usimtazame kabisa.

Kwamba iodini huzuia rovu lilijaribiwa shuleni. Tangu mwaka 1917, matabibu wawili wa Marekani, David Marine na O. P. Kimball, waliwapa wasichana wa shule za mji wa Akron, jimbo la Ohio, dawa ya iodini kwa siku chache mara mbili kila mwaka, kwa ridhaa ya wazazi. Katika wasichana 2,190 walioitumia, waliovimba tezi walikuwa 5. Katika wasichana 2,305 wasioitumia, waliovimba walikuwa 495. Sijui hesabu iliyo wazi kuliko hiyo. Uswisi, ile nchi ya Kocher, ilichagua njia nyepesi zaidi: mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden lilianza kuuza chumvi iliyotiwa iodini, maana tajiri na maskini wote hula chumvi, tena kila siku. Polepole marovu yalipungua kwa watoto wa Uswisi.

Upande wetu wa dunia unayo habari yake. Katika Ziwa Kivu, nchi ya Kongo, kiko kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 matabibu waliofanya kazi na kituo cha utafiti cha Lwiro walipima watu wa kisiwa hicho, wakakuta ajabu: kaskazini marovu yalikuwa mengi mno, na kusini-magharibi yalikuwa machache, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti ilikuwa katika muhogo. Muhogo mchungu una sumu, na ukiandaliwa kwa haraka sumu hiyo hubaki. Iliyobaki kidogo haimwui mlaji, maana mwili huigeuza kuwa kitu kingine. Lakini kitu hicho huizuia tezi isiishike iodini. Palipo na iodini ya kutosha, tezi huvumilia. Palipo na uhaba, muhogo usioandaliwa vema huongeza njaa juu ya njaa. Huko Kongo walionekana pia watu wazima wenye kimo cha mtoto na akili ya mtoto, ambao tezi zao hazikuwahi kufanya kazi ipasavyo tangu kuzaliwa.

Katika Tanzania nyanda za juu za kusini zilijulikana kwa marovu, na serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizopungukiwa kuanzia miaka ya 1980, kisha katika miaka ya 1990 ikaagiza kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Kenya ilitangulia kutia iodini katika chumvi tangu miaka ya 1970. Marovu makubwa ya kutisha, waliyoyaona wazee wetu sokoni, sasa ni machache. Hapo ndipo hatari ilipo: watu wakiisha kusahau ugonjwa, husahau na kinga yake.

Maana rovu si baya lake kubwa. Rovu laonekana, hasara iliyo kuu haionekani. Mtoto aliye tumboni huanza kujengwa ubongo mapema sana, na katika miezi ya kwanza tezi yake mwenyewe haijafanya kazi ya maana. Thairoksini yote aipata kwa mama. Mama akipungukiwa, mtoto hujengewa nyumba kwa matofali machache. Akizaliwa huenda akaonekana mzima, akacheza na wenzake. Ila darasani huwa nyuma, wala hapana ajuaye kwa nini. Penye uhaba mkali huzaliwa mtoto kiziwi, asiyesema, asiyeweza kutembea vizuri. Katika milima ya Papua New Guinea, mwaka 1966, wanawake wengine walidungwa sindano ya mafuta yenye iodini na wengine wakadungwa isiyo na iodini. Watoto wenye hasara hiyo walizaliwa kwa wale wasioipata. Na wale wachache waliozaliwa kwa walioipata, karibu wote mama zao walikuwa wamekwisha kuchukua mimba kabla ya sindano. Ndiyo kusema, asingojee mama mpaka tumbo lionekane. Iodini yatakiwa iwe mwilini mwa msichana kabla hajaolewa. Na mwenye mimba huhitaji zaidi ya watu wengine, kama mikrogramu 250 kwa siku.

Wako pia watoto wachache, kadiri ya mmoja katika 2,000 mpaka 4,000, wanaozaliwa na tezi iliyopungua au bila tezi kabisa, ingawa mama amekula vizuri. Katika nchi nyingi hutonwa tone la damu kisiginoni siku za kwanza, likapimwa. Mtoto akianza kidonge kabla ya majuma mawili hukua na akili zake timamu. Kwetu kipimo hiki hakijafika kila zahanati, kwa hiyo akina mama na wakunga tumieni macho. Mtoto mchanga anayelala mno, asiyelia kwa njaa, mwenye manjano isiyokwisha baada ya majuma mawili, choo kigumu, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza, na kilio cha sauti nzito, msimsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Mpelekeni hospitali juma hilo hilo.

Nyumbani, jambo la kwanza ni chumvi. Nunua ile iliyofungwa katika pakiti na kuandikwa kwamba imetiwa iodini au madini joto. Ile ya mawe ya kupimwa kwa kopo sokoni mara nyingi haina, ijapokuwa ni rahisi. Ukifika nayo nyumbani iweke katika chombo chenye kifuniko, pakavu, mbali na jua na mvuke wa jikoni, wala usiioshe kwa maji. Itie chakula kikikaribia kuiva, maana moto mrefu huipunguzia nguvu. Wala mtu asizidishe chumvi kwa ajili ya tezi. Ile kidogo ya kawaida yatosha, na ikizidi hudhuru moyo na mishipa ya damu. Muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, kisha uanikwe juani ukauke kweli.

Tena naonya juu ya makosa matatu niliyoyaona kwa macho yangu. Iodini ya kupaka vidonda si ya kunywa, ni sumu. Kuchanja rovu kwa wembe au kulichoma kwa chuma huleta kidonda na pengine kifo, maana damu ipitayo pale ni nyingi. Na mzee aliyeishi na rovu lenye mabonge kwa miaka mingi asianze kujinunulia vidonge vya iodini, kwa sababu tezi ya namna hiyo ikishibishwa ghafula yaweza kuasi na kuzidisha kazi, moyo ukaenda mbio. Huyo na aonwe na tabibu. Vivyo hivyo uvimbe mgumu kama jiwe, au unaokua upesi, au unaoharibu sauti na kuzuia kumeza, usingojewe hata mwezi mmoja.

Mwalimu wetu nilimjibu kwa barua kabla ya kuandika haya, maana jambo lake halikuweza kungoja gazeti. Alimpeleka msichana pamoja na mama yake hospitali. Damu ilipopimwa, thairoksini ya mtoto ilikuwa chini, na tarishi wa msimamizi walikuwa wengi kupita kiasi. Si mvivu. Chumvi ya nyumbani kwao ilikuwa ya mawe, isiyo na maandishi, katika kikapu kilichoning'inia juu ya mafiga. Tabibu aliwapa dawa, naye mwalimu amemhamisha msichana akae mbele. Katika barua yake ya mwisho asema sweta limevuliwa na usingizi wa asubuhi umekwisha. Kuhusu masomo aliniuliza kama yote yatarudi, nami sikumdanganya: uzito wa sasa waweza kuondoka, bali kile kilichopunguzwa tumboni mwa mama hakirudishwi na kidonge.

Lakini mama yule ana mimba ya miezi mitatu, na kikapu kile kimekwisha kushushwa. Mwalimu ameomba kwa mhudumu wa afya ile dawa ya matone ya kupimia chumvi, akawaambia watoto kila mmoja alete kijiko kimoja cha chumvi kutoka kwao katika kipande cha karatasi. Chumvi yenye iodini hugeuka rangi ya buluu iliyoiva. Vipande vingi vilibaki vyeupe. Sasa anataka kujua amwendee kwa maneno gani mwenye duka la kijijini, ambaye ni mzee anayeheshimiwa na amenunua magunia sita ya chumvi ile.